Stamatia, Fundi Viatu wa Monosandali

Mtoto wa sita wa fundi Thrasivulos alipozaliwa, mkunga alitoka chumbani, akaegemea mlango, akatazama sakafu. Fundi hakuhitaji kuambiwa. Aliendelea kugonga msumari kwenye soli iliyokuwa mapajani pake, akauliza tu, "Mzima?"

"Mzima, na sauti anayo."

"Basi aitwe Stamatia."

Jina hilo kwao, kwa Kigiriki, lina maana ya kukoma: basi, imetosha. Wazazi waliochoka kupata mabinti humpa yule wanayetaka awe wa mwisho, ili mbingu zielewe ujumbe. Mbingu hazikuelewa. Baada ya Stamatia walikuja Evanthia na Kaliroi, na hapo Bibi Zoitsa, mama yao, akamwambia mumewe kwamba majina yamekwisha na nguvu zimekwisha, na kama bado anataka mvulana, akamshone mwenyewe kwa ngozi ya ndama.

Mvulana hakushonwa. Basi kazi ya kibanda cha viatu ilimwangukia yule aliyekuwa akishinda humo bila kutumwa. Akiwa na miaka sita Stamatia alikuwa akinyoosha misumari iliyopinda na kupaka uzi nta. Kwenye miaka kumi na miwili alikuwa ameshaujua msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, kuliko dada zake walivyoijua sindano ya kudarizi. Alipofika kumi na saba, macho ya baba yake yalikuwa yameanza kufifia, na viatu vya kijiji kizima vilikuwa vinapita mikononi mwa binti. Wazee walijifanya hawajui. Walimkabidhi Thrasivulos kiatu, wakamshukuru Thrasivulos, na katikati hapo wakafunga macho.

Wanawake ndio hawakufunga. "Msichana kushika miguu ya wanaume!" walimwambia Thrasivulos siku moja alipokuwa akitoka kanisani.

"Anashika viatu," fundi akajibu. "Miguu imo ndani kwa bahati mbaya tu."

Kijiji chao kimekaa ubavuni mwa mlima huko Thesalia, nusu juu ya mto na nusu chini yake, na kinaitwa Monosandali, yaani Kubadhi Moja. Kila mtu humo alijua kwa nini kinaitwa hivyo, na tabu ilianzia hapohapo, maana kila mtu alijua lake. Stamatia alizisikia zote kabla hajaota meno ya ukubwani. Mtu akivuliwa kiatu kwa fundi hana pa kwenda, na asiye na pa kwenda husimulia. Palikuwa na benchi moja la mbao ukutani, na benchi lile lilikuwa limesikia mengi kuliko sikio la kasisi.

Watu wa Mtaa wa Juu, walikozaliwa Stamatia na dada zake, walisema kwamba kale, kabla ya kanisa, mungu wa kike wa nafaka alipandisha mlima ule akimtafuta binti yake aliyepotea. Karibu na chemchemi matope yakamvua kubadhi moja, naye kwa uchungu aliokuwa nao hakugeuka kuichukua. Msichana wa kijiji akamkimbilia, akamwosha mguu, na mungu yule akabariki mashamba ya Mtaa wa Juu.

"Mpaka leo ngano yetu hutoa mashuke mawili kwenye bua moja," walimalizia.

"Sisi tunaishi chini yenu miaka elfu mbili," Mtaa wa Chini walijibu, "na hilo shuke la pili hatujaliona."

Kwa hao wa chini, kubadhi ilikuwa ya bibi harusi. Baba yake alimwoza kwa tajiri mzee, akapandishwa nyumbu huku analia. Walipofika mtoni akaruka, akaacha kubadhi moja ukingoni, akakimbilia mlimani kwa mchunga kondoo aliyempenda. Watu wa bwana harusi walikuta kiatu, wakasema maskini amezama, wakamwombolezea siku arobaini, naye kumbe yuko juu anakula jibini.

Kasisi Yerasimo hakutaka kusikia habari za miungu wala za mabibi harusi watoro. Yeye alionyesha picha ya Mtakatifu Paraskevi kanisani, ambayo mguu mmoja umevikwa fedha na mwingine umebusiwa mpaka rangi imetoka. Wakati wa tauni, alisema, mtakatifu alikizunguka kijiji siku tisa kukikinga, mpaka kubadhi yake moja ikalika ikaisha. Na wale wa mkahawani walikuwa na ya nne, kwamba fundi viatu wa kwanza wa kijiji alikuwa mvivu kupindukia: alishona kubadhi moja, akalala apumzike kidogo kabla ya kuanza ya pili, akafa kwa uzee. Hiyo ya nne fundi Thrasivulos aliipiga marufuku. Aliyeitamka kibandani alirudishiwa kiatu chake hakijashonwa.

Stamatia alimsikiliza kila mmoja huku ameuma misumari midomoni, akitikisa kichwa. Hakuna aliyejua yeye yuko upande gani.

Alipofika miaka ishirini na moja alivishwa pete na Polizoi, mtoto wa mwenye kinu cha maji. Alikuwa kijana mzuri, mcheshi, aliyekulia kwenye benchi lile akisubiri viatu vya ndugu zake. Wakati huo vijana walikuwa wanamiminika kwenda Australia, naye akaenda, akapata kazi Melbourne katika kiwanda cha viatu. Miaka miwili barua zilikuja. Halafu kikaja kifurushi.

Ukoo mzima ulikusanyika kukifungua. Ndani mlikuwa na viatu vya kike, vyeupe, vya kisigino kirefu, vinameta kama sahani. Dada zake wakapiga vigelegele. Evanthia akasoma barua kwa sauti: "Huku mashine inatoa jozi mia nne kwa siku. Ukija hutashika tena msharasi maishani mwako. Nafasi ya meli nimeshakuwekea."

Stamatia hakuvivaa. Alikigeuza kimoja chini juu, akakikunja, akakinusa, kisha akaingiza kisu kidogo akakifunua ngozi ya ndani.

"Wewe, unafanya nini?" mama yake akaruka. "Kiatu kipya!"

"Ni karatasi, mama."

"Karatasi gani?"

"Humu ndani. Soli ya ndani ni karatasi ngumu, na chini wamebandika kwa gundi. Mvua mbili tu, kwisha."

"Kwani wewe unaolewa na kiatu?"

"La. Lakini Polizoi amekulia hapa, mama. Soli anaijua kama mimi. Ameshika karatasi mkononi, ameijua kuwa ni karatasi, na ameniandikia kuisifu. Halafu ananiambia niuweke msharasi chini kama vile ananitua mzigo."

Bibi Zoitsa alilia, akamwita mkaidi, akawataja wasichana saba ambao wangeifuata meli ile hata kwa kuogelea nyuma yake. Baba mtu alingoja mpaka wote walipotoka. Kisha akanyoosha mkono, akaomba apewe kiatu, akakipapasa kwa vidole.

"Na kisigino?" akauliza.

"Mti. Si kibaya sana."

"Haya. Angalau kisigino."

Pete ilirudi Melbourne ndani ya barua ya adabu. Watu walidhani Stamatia ana moyo wa ngozi mbichi, lakini alilia siku tatu. Polizoi alikuwa akimchekesha, na bahari alikuwa akitamani kuiona. Ila alilia akiwa kazini, na viatu vya siku zile tatu havikuwa na kasoro. Polizoi naye alioa msichana wa Kalamata aliyemkuta hukohuko, na miaka mingi baadaye bado alikuwa akiwatumia kadi ya Pasaka.

Kijijini walishamhesabu kuwa mseja. Hapo ndipo Asterios alipoanza kuharibu viatu.

Asterios alikuwa mtu wa Mtaa wa Chini, mwenye nyumbu wanne, anashusha mbao na jibini mpaka mji wa Volos na kupandisha chumvi, mafuta ya taa na umbea. Mrefu, kimya, masikio makubwa. Jumatatu moja alileta buti la kushoto, kisigino kinacheza. Akarudi nyumbani amevaa buti mguu mmoja na kiatu cha mti mguu mwingine, ko-po, ko-po, watoto wakimfuata. Jumatatu iliyofuata akaja na la kulia. Ya tatu, la kushoto tena.

"Asteri," Stamatia akamwambia mara ya nne, "huu msumari haukutoka wenyewe."

"Njia mbaya, fundi."

"Una alama za koleo. Njia ina koleo?"

"Ya kwetu Mtaa wa Chini ina kila kitu, fundi."

Stamatia aliinamisha kichwa kwenye kazi ili asionekane anacheka. Lakini neno moja lilimkaa. Kijiji kizima walimwita binti wa fundi. Huyu mwenye masikio, tangu siku ya kwanza, alimwita fundi, bila kujikaza, kama anavyomwita kasisi kasisi. Stamatia akaanza kugundua kwamba Jumatatu anaamka mapema.

Majira ya baridi ya mwaka ule Thrasivulos alifariki, taratibu, mkono mmoja ukiwa juu ya blanketi unapapasa kama unaotafuta nyundo. Stamatia alimvalisha jozi aliyomshonea mwenyewe. Theluji ilikuwa imefunga njia ya makaburini, na Asterios ndiye aliyetangulia na nyumbu wake kuikanyaga mpaka jeneza likapita. Hakusema pole ndefu. Alimwambia, "Mzee alikuwa akijua kazi," akaondoka.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, mlango ukafunguliwa na upepo ukaingia pamoja na Asterios. Akaketi benchini, akavua buti la kushoto, akaliweka juu ya meza. Kisha akavua la kulia, akaliweka kando yake.

Stamatia aliyatazama. "Leo umeleta yote mawili."

"Ndiyo."

"Na kiatu cha mti?"

"Nimekiacha nyumbani."

"Sasa utarudije? Nje theluji magotini."

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza, fundi."

Uzi ulimponyoka. Alimtazama miguu: soksi moja ilikuwa na tundu, na kidole gumba kimetokeza, chekundu kwa baridi. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni, na Asterios akaketi pale masikio yamewiva, hajui kama amekubaliwa au amefukuzwa.

"Sogea kwenye moto," hatimaye akasema. "Usije ukanifia hapa, waseme fundi anaua wateja. Na hayo mabuti hayana ubovu wowote."

"Sikuwa na wakati wa kuyaharibu."

Walioana baada ya Pasaka, si bila kelele. Desturi ya Mtaa wa Chini ilikuwa bibi harusi avuke daraja mguu mmoja mtupu, kumkumbuka yule aliyeruka. Mtaa wa Juu wakasema binti yao hatavushwa kama mbuzi aliyenunuliwa. Stamatia alivaa viatu viwili alivyoshona mwenyewe, vya ngozi ya mbuzi, akavuka daraja mbio sana hivi kwamba kila upande ulibaki unabishana ulichokiona.

Walikuwa wamekaa mwaka wa pili, na binti yao wa kwanza ana miezi minne, ile barua ilipofika.

Zafiris, mwenyekiti wa kijiji, aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi za mkahawa. Ofisi ya mkoa ilikuwa inapitia majina ya vijiji. Yale ya kigeni, ya kuchekesha, au yasiyolingana na heshima ya taifa la kale, yatabadilishwa. Monosandali limeonekana kuwa la kuchekesha. Jina lililopendekezwa ni Hrisopigi, Chemchemi ya Dhahabu. Afisa atafika Alhamisi saa nne asubuhi kusikiliza wenye pingamizi, na saa sita ataondoka.

"Dhahabu?" mtu akauliza. "Dhahabu iko wapi?"

"Chemchemi yenyewe inakauka mwezi wa saba," akasema mwingine.

Kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwa mlima, mitaa miwili ilikubaliana: jina haliguswi. Ila Zafiris aliposema basi tumpe afisa maelezo, hadithi moja iliyonyooka, ya kweli, umoja uliishia hapo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mkutano uliendelea siku mbili. Kasisi Yerasimo aligonga fimbo akitaka mtakatifu. Bibi Filio wa Mtaa wa Chini, mwenye umri wa miaka themanini na mbili, alimwita mungu wa nafaka mzururaji, na Bibi Zoitsa akamrushia mkate. Bahati nzuri ulikuwa wa siku ileile.

"Tukimpa hadithi nne," Zafiris alilalamika, "atasema hawa hawajui wanachokisema, atatia sahihi, kwisha habari yetu!"

Alhamisi ikafika, na hadithi ziko nne vilevile.

Afisa aliitwa Bwana Evripidis Halkias: mwembamba, miwani, mkoba chini ya kwapa, na viatu vya mjini. Barabara ya gari ilikuwa haijafika, kwa hiyo Asterios alimpandisha kwa nyumbu mpaka chini ya daraja. Hapo bwana akasema mgongo umemchosha, atatembea. Alitembea. Mawe ya Monosandali hayana huruma na viatu vya mjini. Alipofika uwanjani soli ya kushoto ilikuwa imefunguka mbele kama mdomo wa samaki, inapiga chini, pa, pa. Wakamwongoza kibandani.

"Fanya haraka, mama," alimwambia Stamatia, akivua kiatu. "Saa sita lazima nishuke. Kazi yenyewe ndogo, karatasi nimeshaiandika, imebaki sahihi." Akaufungua mkoba kutafuta kalamu, na Stamatia akaiona karatasi. Hrisopigi, kwa herufi za mashine, limeshapigwa mstari chini.

Basi huyu hakuja kusikiliza. Alikigeuza kiatu. Ilikuwa kazi ya robo saa: nyuzi kumi na mbili, gundi kidogo, nenda zako. Alifikiri kidogo. Kisha akachukua koleo, akaing'oa soli yote mpaka kisiginoni, kraa.

"Mama! Unafanya nini?"

"Imeoza ndani, bwana. Nikiishona juujuu itakuumbua njiani. Hii kazi ya muda."

Asterios alikuwa mlangoni. Akatazama kiatu, akamtazama mkewe. "Fundi, mbona hiyo..."

"Asteri, kawape nyumbu maji."

"Wameshakunywa."

"Wape tena. Na ukipita uwanjani, waambie watu bwana afisa amekaa, anasikiliza."

Masikio ya Asterios yakasogea. Akatoka mbio.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Zoitsa mwenyewe, na sahani ya jibini na zeituni. Akaketi benchini ubavuni mwa afisa, akamsimulia mungu wa nafaka, na alipofika pale pa binti aliyepotea, akalia kidogo, maana alikuwa na mabinti watatu Ujerumani. Afisa alitazama saa. Kisha akala zeituni. Kasisi Yerasimo akaingia na siku zake tisa za tauni, akamtaka afisa akaibusu picha takatifu. Afisa akamwonyesha mguu wake wenye soksi. Stamatia alikuwa akishona. Kila uzi aliupaka nta mara tatu.

Akaingia Bibi Filio, ameshikwa mikono na wajukuu wawili, akasimulia habari ya bibi harusi tangu nyumbu alivyopambwa mpaka jibini la mlimani. Watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni na dirishani. Afisa alikuwa ameacha kutazama saa.

"Samahani, bibi," akamkatiza. "Ile kubadhi aliyoiacha ukingoni. Je, aliwahi kurudi kuichukua?"

Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kuuliza. Bibi Filio alipepesa macho, lakini hakukubali kushindwa.

"Alirudi," akasema. "Baada ya miaka saba. Ana watoto watatu, na mguu umenenepa. Haikumwingia."

Watu waliangua kicheko, Mtaa wa Juu na wa Chini. Afisa naye akacheka, na akageuza ile karatasi yake, akaanza kuandika nyuma yake. Alitaka kujua zaidi: tauni ilikuwa ya mwaka gani, ngano gani hiyo ya mashuke mawili. Watu wakabishana mbele yake kwa vidole, na yeye akawa mwamuzi, mguu mmoja na kiatu na mwingine bila. Tsipuro, pombe kali ya zabibu, ikaletwa. Saa sita ikapita kama mgeni asiyejulikana.

Mwisho Zafiris, amechangamka kwa vikombe viwili, akajisahau. "Na sisi wa mkahawani tunasema, fundi wa kwanza wa hapa alikuwa mvivu..." Akashika mdomo. Wote wakamgeukia Stamatia. Hadithi ile haikuwahi kufika mwisho humo tangu ukuta kujengwa.

Stamatia alitazama nyundo ya baba yake.

"Isimulie," akasema. "Mzee hayupo wa kukufukuza. Ila usiiharibu."

Zafiris akaisimulia, vizuri, na Stamatia akacheka pamoja na wengine, na machozi mawili yakadondokea ngozi, akayapangusa kwa kidole gumba.

"Na wewe, fundi?" Bwana Halkias akauliza. Hakumwita tena mama. "Wewe unaamini ipi?"

Hata watoto dirishani wakajisogeza. Mama yake Stamatia alikuwa akimkazia macho upande mmoja, na jamaa za mumewe upande wa pili.

"Mimi, bwana, namwamini aliyekaa benchini," akasema. "Leo mmekaa wote, nimeziamini zote nne. Kesho akija mmoja mmoja nitaanza upya. Lakini ukiniandikia Chemchemi ya Dhahabu, mtu akikaa hapo ataniambia nini? Hata mwongo hana pa kuanzia."

Akamkabidhi kiatu. Afisa alikivaa, akasimama, akakanyaga, akainama kukichunguza.

"Kiatu hiki kilihitaji nyuzi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na umeshona ngapi?"

"Sitini na kitu, bwana."

Bwana Halkias alimtazama juu ya miwani. "Basi hakitaachia mpaka nistaafu," akasema, akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni badala ya mkobani. Aliondoka saa kumi jioni juu ya nyumbu, akiimba, na Asterios aliapa kwamba njia nzima alimuuliza habari za bibi harusi.

Jibu lilifika baada ya miezi mitatu. Jina la Monosandali libaki. Sababu: ni la Kigiriki, ni la kale, na asili yake inajulikana vyema na wakazi wote.

"Inajulikana vyema!" wakasema Mtaa wa Juu. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu Mtaa wa Chini. "Ni yetu hiyo anayosema."

Stamatia alipata watoto watatu, mabinti watupu, na hata mmoja hakumpa jina la kuziambia mbingu kitu. Viatu vya mashine vilipanda mlima pamoja na barabara ya lami, na kazi ikapungua, ila haikuisha. Wachunga kondoo na wenye nyumbu waliendelea kuja, na baadaye watu wa Volos wenye viatu vya bei waliosikia kwamba huko juu kuna mwanamke ambaye mshono wake hauachii. Alikwenda kuiona bahari akiwa na miaka arobaini na mmoja, akiwa amekaa mbele kwenye lori la jibini. Alivua viatu, akaingia mpaka magotini, akasema ni nzuri lakini ina chumvi kuliko alivyotegemea.

Pamoja na lami kilikuja kibao cha kijiji, cha bati, rangi ya buluu. Kilisimikwa kwa kasisi na divai, na kitambaa kilipoondolewa ikaonekana kwamba mchoraji ameruka herufi: MONOSADALI. Barua ziliandikwa. Ofisi ikajibu kwamba suala linashughulikiwa. Asubuhi moja Stamatia akachukua ngazi, kopo la rangi ya viatu na brashi, akaenda kuchomeka N iliyokosekana, ndogo, imejibana kama mtu aliyechelewa kanisani. Mvua za vuli zikaisafisha. Majira ya kuchipua akaenda tena.

Ameendelea hivyo miaka mingi. Sasa ana miaka sabini na tisa, na Asterios, ambaye masikio yake hayakupungua ila kazi yake ndiyo imepungua, humshikia ngazi.

"Ofisi ilisema inashughulikia," humwambia kila mwaka.

"Basi na sisi tunashughulikia. Shika vizuri."

"Nimeshika. Umeifanya kubwa mno safari hii."

"Ukubwa gani? Imelingana na wenzake."

"Imeinama upande wa Mtaa wa Juu."

"Asteri, nitakushukia na kopo hili kichwani."

Anaipulizia N ikauke, anashuka polepole, wanarudi nyumbani kwa lami, mara nyingi wakibishana, na supu ya maharage waliyoiacha jikoni huwa bado ina moto.